Droo imekataa: shida ninazoitiwa Kisumu, na zinakotoka

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko upande wa Kibuye, hapa Kisumu, na kila mwaka masika ikianza simu ni ile ile: "Fundi, njoo na randa, droo imekataa kabisa." Nafika, naomba leso kuukuu, tunamwaga kila kitu juu yake, naondoa mwiko uliokuwa umesimama kiwima, na droo inateleza. Randa haijatoka hata kwenye mkoba, na mwenye nyumba ameshanilipia boda boda.

Nayaandika haya ili ujaribu mwenyewe kabla ya kunipigia mimi au fundi mwingine. Nimeyapanga kwa dalili, kwa maneno ambayo watu huyatumia wanaponieleza, na chini ya kila dalili chanzo ninachokikuta zaidi ndicho kinachotangulia. Nazungumzia hasa ile droo moja ambayo kila nyumba inayo, jikoni au chini ya televisheni, yenye betri, risiti, funguo, chaja, mishumaa na vidonge. Droo ya vikorokoro. Baada ya miaka ya kuzifungua nimefikia uamuzi kwamba ugonjwa wake huanzia kwenye vitu, na mara chache tu kwenye mbao. Kwa hiyo mwaga kwanza, ndipo utengeneze.

"Haifunguki, au inafika nusu inagoma"

Usivute kwa nguvu. Uso wa droo nyingi umeshikwa kwa gundi na misumari miwili mitatu. Ukivuta kama unayeng'oa muhogo utabaki na uso mkononi, na sanduku lingali ndani.

Chanzo cha kwanza ni kitu kilichosimama ndani na kukwama kwenye ubao wa juu: upawa, chujio la chai, koleo, mkasi uliofunguka. Irudishe droo ndani kabisa, kisha ifungue polepole hadi pale inapogoma. Ingiza rula ya chuma au kisu butu kwenye mwanya wa juu, kipitishe kutoka kushoto hadi kulia huku ukikandamiza chini, na mkono wa pili uvute taratibu. Vidole visiingie. Nimekuta wembe ulio wazi kwenye droo hizi, na sindano za cherehani, na huko ndani huoni unachoshika.

Rula ikishindwa, chomoa droo ya juu yake upate njia ya mkono ukiwa unaona. Kama hakuna ya juu, muombe mtu mkainue kidogo mbele ya kabati ili vitu viteleze kwenda nyuma. Ondoa kwanza vyombo vyote vilivyo juu ya kabati, na watoto wakae mbali. Kabati lililopigiliwa ukutani usiliinue.

Chanzo cha pili ni kujaa tu. Pima kimo cha droo kwa ndani, uache sentimita moja au mbili ya hewa. Kitu chochote kisichoweza kulala ndani ya kipimo hicho si cha droo hiyo, hata kama kimekaa humo tangu mlipohamia.

Cha tatu ndicho watu hudhani ni cha kwanza: mbao imefura. Hapa ziwani hewa ina maji mengi. Nimeona makabati yaliyokuwa mepesi Nakuru, kule juu penye baridi, yakianza kubana baada ya mwenyewe kuhamia Kisumu. Ubao hufura kwa upana, kukatiza nyuzi zake. Kwa urefu haubadiliki sana. Ubavu wa droo umelazwa nyuzi zikienda mbele na nyuma, kwa hiyo unapofura unakua kwenda juu, na hapo droo inabana juu na chini kuliko kandoni. Paangalie: pale panaposuguana pana alama inayong'aa, au yenye weusi.

Dawa yake ya kwanza ni mshumaa. Chomoa droo, futa vumbi, sugua mshumaa mkavu kwenye kingo za chini na kwenye njia zake. Kipande cha sabuni kavu pia husaidia, lakini sabuni huvuta unyevu, kwa hiyo hapa kwetu napendelea mshumaa. Mafuta ya kupikia usiyaguse. Yanateleza wiki moja, kisha yanashika vumbi na kugeuka ulimbo.

Na tafadhali, mwezi wa Aprili usimruhusu mtu apige randa, hata kama mtu huyo ni mimi. Ubao uliofura kwa mvua utanywea Januari, na droo iliyopunguzwa wakati wa masika itakuwa inacheza kama jino la mtoto. Vumilia na mshumaa hadi kiangazi. Ikiwa hata wakati wa jua kali bado inabana, hapo ndipo randa ina kazi, tena panapong'aa tu, unyoya kwa unyoya. Bodi ya MDF au ya chembe za mbao zilizogandamizwa ina habari mbaya zaidi: ikishanyonya maji ikavimba kingo, hairudi. Hiyo hubadilishwa.

Chanzo cha nne ni reli, kwa makabati yenye reli za chuma. Skrubu moja iliyolegea inatosha kuikwamisha droo nzima. Kuitoa droo, tafuta kilimi kidogo cheusi cha plastiki kila upande. Kwa reli nyingi cha upande mmoja husukumwa juu na cha pili chini, kwa wakati mmoja, kisha unavuta. Kaza skrubu. Kama tundu limepanuka na skrubu inazunguka bure, jaza njiti za kiberiti zilizochovywa kwenye gundi nyeupe ya mbao, zikate zilingane na ubao, subiri hadi kesho yake, kisha funga tena. Ukiona golori zimemwagika, reli hiyo imekwisha. Nunua jozi mpya ya urefu ule ule. Ipime kwa inchi kabla ya kwenda dukani, maana huko utaulizwa 14, 16 au 18.

Acha uite fundi ikiwa kabati lenyewe limepinda (pima kona kwa kona, mishazari miwili ya sanduku iwe sawa), au ikiwa juu ya droo kuna waya wa umeme umepitishwa nyuma ya kabati. Hilo la waya hutokea sana kwenye majiko yaliyoongezewa soketi baadaye. Usichokonoe kwa rula ya chuma mahali ambapo waya unapita.

"Inafunguka, lakini haifungi hadi mwisho"

Kitu kimeanguka nyuma. Chomoa droo nzima, chukua tochi, kitoe. Mara chache ni msumari ulioibuka au sakafu ya droo iliyoshuka na kukwaruza ubao wa chini yake.

"Sakafu imebonyea"

Uzito. Droo nyingi zina sakafu ya plaiwudi nyembamba au hadibodi iliyochomekwa kwenye mfereji, na mtu ameweka humo nyundo, kufuli tatu na mawe ya kunolea visu. Hamisha vyuma viende kwenye mkebe chini ya kabati. Igeuze droo, irudishe sakafu kwenye mfereji wake, na ugundishe kipande cha ubao mwembamba katikati, kutoka mbele hadi nyuma. Usipigilie misumari kutoka chini kwenda juu. Ncha zake zitavingoja vidole vya mtu.

"Inafunguka vizuri, ila humo ndani hakuna kinachopatikana"

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Tandika leso mezani na umwage. Usipange kitu kikiwa bado ndani ya droo. Ukijaribu, utakuwa unahamisha tu fujo kutoka kona moja hadi nyingine.

Chanzo kikubwa: vitu vilivyokufa vimevifunika vilivyo hai. Vitoe vilivyokufa kwanza, ni kazi rahisi na inatia moyo. Karatasi za tokeni za stima, zile zenye tarakimu 20, zikishaingizwa kwenye mita hazina kazi tena. Kadi ya bima ya afya ya NHIF haitumiki tangu SHA ilipochukua nafasi yake Oktoba 2024. Mifuko ya nailoni iliyokunjwa kwa uangalifu tangu kabla ya marufuku ya Agosti 2017 bado naikuta. Na noti ya zamani ya shilingi elfu moja, ile iliyokoma kuwa pesa halali baada ya Septemba 30, 2019, nimeikuta mara kadhaa, imefichwa chini ya karatasi ya sakafu ya droo. Inauma kumwonyesha mtu hela aliyoiweka kwa jasho lake ikamfia chini ya vijiko. Ndiyo maana nasema inua hata ile karatasi ya chini.

Chaja na nyaya: iliyochunika itupwe leo, usiifunge selotepu. Nyingine soma maandishi yake. Volti lazima zilingane na za kifaa, na ampea ziwe sawa au zaidi. Isiyo na kifaa chake nyumbani haina sababu ya kukaa. Kwa funguo usiwe na haraka. Zunguka na kila moja, mlango kwa mlango na kufuli kwa kufuli, na ile iliyopata mahali pake ifunge kitambaa cha rangi. Zilizobaki zitundike kwenye msumari nje ya droo hadi mwisho wa mwaka, maana kufuli ya shamba la nyumbani huenda iko Siaya na wewe uko Kisumu.

Vidonge. Naomba unisikilize kwa makini hapa kwa sababu jambo hili linanisumbua. Katika nyumba za huku, penye malaria mwaka mzima, sijui ni mara ngapi nimefungua droo nikakuta dawa ya malaria ya AL imebaki nusu. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu. Vikibaki kumi, maana yake kuna mtu aliacha alipopata nafuu, na vile kumi vinangoja kumtibu mtu mwingine nusu tena. Usivirudishe droo. Vipeleke kwa mfamasia pamoja na dawa nyingine zilizopita tarehe, umuulize namna ya kuvitupa. Na dawa unayoendelea kuitumia iwe juu, mahali penye kufuli, wala si katika droo ambayo mtoto wa miaka miwili anaifungua kwa mkono mmoja.

Chanzo cha pili, kilichobaki ukishaondoa hivyo, ni vitu vidogo kulala pamoja na vikubwa bila vichumba. Hakuna haja ya kununua chochote. Kata makasha ya majani chai na ya sabuni ya unga yawe mafupi kuliko droo. Mkebe wa siagi unafaa kwa skrubu, trei ya mayai kwa vifungo na sindano. Vikapu vidogo vya gugumaji vinavyosukwa kando ya ziwa ni vizuri, lakini vikaushe juani kila baada ya mvua au vitaota ukungu. Vibane visanduku vilingane na upana wa droo, visicheze. Kinachoshikwa kila siku kikae mbele, kinachoshikwa kila mwezi kikae nyuma, na tochi ikae pale ambapo mkono unaifikia gizani.

Karatasi zinahitaji nyumba yao. Cheti cha kuzaliwa, hati ya shamba, logibuku ya gari: hizi zitoke kwenye droo ya vikorokoro leo hii, ziende kwenye bahasha ngumu na sanduku lisilopigwa na maji. Ukikuta kitambulisho cha mtu mwingine, kipeleke kwa chifu, polisi au Huduma Centre. Mfanyabiashara asitupe risiti kwa hamaki, kwa maana sheria ya kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano. Na risiti zilizofifia zikawa nyeupe? Karatasi hizo huchapwa kwa joto bila wino, na joto, mwanga, mafuta na mifuko ya plastiki huzifuta. Za friji na televisheni zipige picha au uzitoe kopi siku unayonunua. Iliyokwisha kufutika usiipashe moto ukitumaini maandishi yatarudi. Karatasi nzima inageuka nyeusi.

"Kuna unga mweupe, au kitu kimevimba"

Unga mweupe kwenye ncha za betri za tochi ni betri iliyovuja. Vaa glavu au mfuko mkononi, itoe, kisha futa mahali pale kwa pamba yenye siki au maji ya ndimu, ukaushe. Betri kuukuu na mpya zisilale pamoja, na zile za mraba zenye volti 9 zibandikwe selotepu kwenye ncha zake mbili. Funguo au sarafu ikigusa ncha zote mbili, joto lake linaweza kuwasha karatasi.

Betri ya simu iliyovimba: acha kupanga kwanza. Usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji kuona kama bado ni nzima, wala usiitupe kwenye shimo la taka linalochomwa. Iweke kwenye chungu au mkebe wa bati wenye mchanga mkavu, nje, mbali na nyumba, kisha ipeleke kwa fundi wa simu.

Zile betri ndogo za duara kama kifungo, za rimoti na saa, ndizo naziogopa kuliko wembe. Mtoto akimeza moja inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Usimtapishe, usingoje aitoe kwa choo. Mkimbize hospitali hata kama anacheza, na uwaambie ni betri: kwa watu wa Kisumu, Jaramogi, ile tunayoiita Russia, iko wazi usiku na mchana.

"Inanuka, au kuna wadudu"

Anza na chakula: makombo, pakiti ya sukari, sosi iliyovuja. Osha, kausha juani nusu siku, na mende wengi watahama, hasa ukiondoa karatasi na makasha mazee ambamo huficha mayai yao.

Kinyesi cha panya usikifagie kikavu, vumbi lake si zuri kwa mapafu. Fungua madirisha, funga pua na mdomo, vaa glavu, lowesha kwa maji yenye jiki (kipimo kimoja cha jiki kwa tisa za maji), ngoja dakika chache, kisha kusanya kwa karatasi. Ziba tundu aliloingilia kwa waya wa kusugulia sufuria. Sumu ya panya isikae droo moja na vijiko hata usiku mmoja.

Vidonge vya nondo, vile vyeupe vyenye harufu kali, vingi ni nafthalini. Huku kwetu watoto wengi huzaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachokinga chembe nyekundu za damu, na upungufu huo unapatikana sana mahali penye malaria, na kwao nafthalini huweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Usiviweke kwenye droo yenye nguo au vyombo vya mtoto. Jua na sabuni vinatosha.

Vumbi laini kama unga wa ugali chini ya vitundu vidogo ni mdudu wa mbao. Droo moja unaweza kuitoa na kuichoma. Lakini ukiona njia za udongo zinapanda kutoka ukutani kuingia kabatini, hao ni mchwa, na wamepitia msingi wa nyumba. Acha kupanga, usivunje njia zile kwa ajili ya usafi, mwambie mwenye nyumba na muite mtaalamu wa wadudu aone wanakotokea.

"Niliipanga Jumamosi, wiki ya pili imerudi ilivyokuwa"

Kwa kawaida ni kwa sababu droo haikupewa kazi. "Ya vitu vidogo" si kazi. "Ya stima ikipotea" ni kazi: tochi, betri, mishumaa, kiberiti. "Ya kushona" ni kazi. Mwambie kila mtu wa nyumbani aitaje kazi yake kwa neno moja. Wakitaja maneno tofauti, hapo ndipo fujo inapoingilia. Chanzo cha pili ni kukosa mahali pa kutua kwa vitu vya mfukoni jioni. Weka bakuli mlangoni. Mwaga bakuli hilo siku ya kulipa kodi ya nyumba, maana siku hiyo haisahauliki.

"Hii siwezi kuigusa"

Hili huambiwa kwa sauti ya chini, na nimeitiwa kwa ajili yake zaidi ya mara moja. Mama mmoja wa Nyalenda alisema droo imekwama. Haikuwa imekwama. Ilikuwa ya mzee wake aliyefariki, na alitaka mtu awepo wakati wa kuifungua.

Droo ya marehemu usiipange kwa mwendo wa nyingine. Usichane karatasi yoyote, hata inayoonekana ya kijinga: kijitabu cha sakos, risiti ya shamba ya mkono, namba iliyoandikwa nyuma ya kalenda, vyote vinaweza kuhitajika kwenye urithi. Fungua mbele ya watu wa familia wawili au watatu, mmoja aandike orodha, karatasi ziende kwenye bahasha moja. Barua ya chifu itahitajika kwa urithi, kwa hiyo mwone mapema. Kukiwa na shamba, deni au ubishi, funga droo na mtafute wakili kabla hakijaondoka hata kipande kimoja.

Miwani, kalamu na saa ya mzee tulivirudisha vilipokuwa. Nikasugua mshumaa kwenye kingo, ikawa inafunguka kwa kidole kimoja, nikaenda zangu. Malipo sikuchukua.